Nati za Ndani

Kila Ba Daksha alipotaka kupanda gari la mjukuu wake, kigoda kilitangulia. Kilikuwa kigoda cha plastiki cha buluu, kile alichokalia jikoni akimenya kitunguu saumu. Krish alikiweka chini ya mlango. Alikikanyaga kwa mguu mmoja ili kisiteleze. Kisha alimpa bibi yake mkono.

"Panda, Ba. Moja, mbili..."

"Usinihesabie. Mimi si gunia la viazi."

"Gunia la viazi halilalamiki hivi," Krish alisema, akamsukuma juu taratibu.

Ba ni neno la Wagujarati la kumwita bibi. Daksha alikuwa Ba wa nyumba nzima. Hata askari wa lango pale kwao Westlands alimwita hivyo. Alikuwa na miaka sabini na minne. Magoti yake yalikuwa yamechoka, lakini masikio yalikuwa mazima. Kwa miaka arobaini yeye na marehemu mume wake walitengeneza cherehani katika duka dogo katikati ya Nairobi. Mteja akileta cherehani mbovu, mume alishika bisibisi. Daksha alikanyaga pedali, akafumba macho, akasikiliza.

"Skrubu ya chini imelegea," alisema. Mara nyingi ilikuwa kweli.

Gari la Krish halikuwa refu hivyo zamani. Yeye mwenyewe alilifungia springi ndefu, likainuka. Akalivalisha tairi pana za porini. Ba alisema sasa linafanana na ngamia. Gaurav, kaka yake Krish, aliliona akalipenda. Akainua la kwake pia. Nyumba ikawa na ngamia wawili.

Lakini magari yale yalipoinuliwa, yalianza kuyumba kwenye kona. Na usukani ukikatwa sana, tairi pana zilikwaruza vyuma vya ndani. Rafiki mmoja akawaambia wafunge spesa. Spesa ni bamba nene la chuma. Huwekwa nyuma ya gurudumu ili gurudumu litokeze nje zaidi. Za akina Krish zilikuwa na unene wa vidole viwili.

Siku ya Alhamisi fundi alikuja kuzifunga uani. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Aliinua gari kwa jeki, akatoa gurudumu. Nyuma yake ilibaki habu, yaani kile chuma cha katikati kinachobeba gurudumu. Habu ilikuwa na kutu na madoa ya rangi. Boliti sita zilikuwa zimechomoza nje.

Ba alitoka na sahani ya shaba. Juu yake kulikuwa na nazi, unga mwekundu na uzi mwekundu. Kwao, kitu kipya hubarikiwa. Uzi wa gari hufungwa kwenye kioo au kwenye usukani. Lakini siku ile Ba alizitazama zile boliti na kufikiri, hapa ndipo uzito wote wa watoto wangu unapokaa. Akapiga magoti kwenye saruji. Akazungushia kila boliti uzi mara tatu, pale chini kwenye shina lake. Alifanya hivyo kwa gari la Krish, kisha kwa gari la Gaurav.

Fundi alimtazama. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Hakutaka kumuudhi mama mzee anayeomba Mungu. Krish pia aliona. Naye alinyamaza, kwa sababu alijua magoti yale yanavyouma.

Spesa zikawekwa juu ya uzi. Mashine ya kukazia nati ikalia, trrr, trrr. Magurudumu yakarudishwa. Jioni ile Ba alilala akiwa na furaha.

*

Jumamosi familia ilikuwa inakwenda Naivasha. Gaurav alitangulia na mke wake Gurleen na mtoto wao Hiral, msichana wa miaka sita. Krish na Ba walifuata baadaye, kwa sababu Ba alikuwa bado anakaanga chapati nyembamba za methi, yaani majani ya uwatu. Alizifunga kwenye kitambaa, akaziweka mapajani zikiwa moto.

Walikuwa wamepita Kangemi, kwenye barabara ya Waiyaki Way, Ba alipoinua kichwa.

"Zima muziki."

"Ba, huu ni wimbo wako."

"Zima, Krish."

Krish alizima. Injini ilinguruma. Tairi zilivuma. Na chini ya hayo yote kulikuwa na sauti nyingine ndogo. Tak. Tak. Tak.

"Ni kijiwe kimenasa kwenye tairi," Krish alisema.

"Kijiwe hulia nje. Hiki kinalia ndani. Punguza mwendo."

Krish alipunguza. Tak... tak... tak.

"Sasa ongeza kidogo."

Tak, tak, tak, tak.

"Kinafuata gurudumu," Ba alisema. "Kuna kitu kimelegea."

"Ba, hii si cherehani. Na nimekagua nati zote asubuhi. Zimekaza kama mwamba."

"Mikono yako mbona inatetemeka?"

Krish aliitazama mikono yake. Haikuwa inatetemeka. Usukani ndio uliokuwa unatetemeka. Akaacha kubishana. Aliwasha taa ya pembeni akaachia pedali ya mafuta. Polepole, gari likajikokota mpaka Kinoo. Palikuwa na kibao cha mbao kando ya barabara: MUNYIVA. MAGURUDUMU NA BREKI.

*

Munyiva alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi. Alivaa ovaroli ya buluu na kitambaa kichwani. Kabla hajaligusa gari, alileta kiti, akakiweka kivulini, akatandika koti lake juu yake.

"Mama, kaa hapa. Magoti yako yamenisalimia kabla yako."

Ba alicheka kidogo. Alipenda mtu anayeona magoti ya mwenzake.

"Sasa, fundi," Krish alisema. "Kuna kelele gurudumu la mbele, huku kushoto. Lakini nati ziko sawa."

Munyiva alizijaribu kwa spana, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyosogea.

"Unaona?" Krish alimwambia Ba.

Munyiva alichutama, akachungulia nyuma ya gurudumu. "Umefunga spesa?"

"Ndiyo. Alhamisi."

"Na lini zimekazwa tena?"

"Zikazwe tena kwa nini? Si zilikazwa?"

Munyiva alileta jeki. Akafungua nati sita za nje, akaliondoa gurudumu na kuliegemeza ukutani. Sasa spesa ilionekana. Ilikuwa imeshikwa kwenye habu na nati sita nyingine.

Munyiva alishika moja ya zile nati kwa vidole viwili, bila spana. Akaizungusha. Nati ikazunguka kama kifuniko cha chupa ya maji.

Krish alirudi nyuma hatua moja.

"Hizi za nje zinashika gurudumu kwenye spesa," Munyiva alisema. "Hizi za ndani zinashika spesa kwenye gari. Wewe ulikagua za nje. Za ndani zinafunikwa na gurudumu. Huwezi kuziona, huwezi kuzifikia, mpaka utoe gurudumu. Nne kati ya sita zimelegea."

Alizitoa zote kwa vidole na spana, akavuta spesa. Kwenye mashina ya boliti palikuwa na kitu cheusi kilichopondeka. Alikikwangua kwa kucha.

"Na hiki ni nini?"

Ba alikitambua. Kilikuwa kimepoteza wekundu wake wote.

"Ni uzi wangu," alisema.

Kisha akasimama. Chapati zilianguka kutoka mapajani na hakuziona.

"Krish. Gaurav yuko wapi?"

*

Gaurav alikuwa na spesa zile zile. Fundi yule yule alizifunga siku ile ile, juu ya uzi ule ule. Naye alikuwa mbele yao karibu nusu saa, kwenye njia inayoshuka Mai Mahiu. Njia hiyo ina kona nyingi. Upande mmoja ni ukuta wa mlima. Upande wa pili ni bonde.

Krish alimpigia. Simu ililia mpaka ikakatika.

"Hapokei," alisema. "Hapokei simu akiendesha. Wewe ndiye uliyemfundisha, Ba."

"Mpigie Gurleen."

Ililia mara mbili, ikakatwa. Alipiga tena. Ikakatwa tena.

"Mbona anakata?" Sauti ya Krish ilikuwa imepanda.

"Nipe mimi," Ba alisema.

Alipiga mara ya tatu. Simu ilipokelewa.

"Unakatiza katuni yangu!"

Alikuwa Hiral. Ba alishika ukingo wa kiti. Alitoa sauti ile ya kumlaza mtoto.

"Pole, mpenzi wangu. Mama yuko wapi?"

"Amelala. Usiku alikuwa kazini hospitali. Papa amesema nisimwamshe."

"Umefanya vizuri. Hebu niambie, dirishani unaona nini?"

"Nyani! Wako wengi. Mmoja amebeba mtoto. Na chini kuna bonde kubwaaa."

Munyiva alikuwa ameinama karibu na simu. "Wameanza kushuka," alinong'ona. "Mwambie asikanyage breki kwa ghafla. Asikate kona kwa nguvu. Aachie mafuta polepole, atafute mahali tambarare pembeni."

Ba alitaka kupiga kelele. Lakini alijua, akipiga kelele, Hiral atalia. Hiral akilia, Gaurav atashtuka. Na Gaurav akishtuka, mguu wake utakwenda kwenye breki.

"Hiral, tucheze mchezo," alisema. "Wewe ni mdomo wangu. Nikisema kitu, unamwambia Papa vile vile. Polepole, bila kupaza sauti."

"Kama kasuku?"

"Kama kasuku. Sema: Papa, Ba anasema achia mafuta polepole."

"Papa, Ba anasema achia mafuta polepole."

Sauti ya Gaurav ilisikika kwa mbali. Hiral akarudi. "Papa anauliza una nini."

"Sema: mimi ni mzima. Gurudumu lako ndilo gonjwa. Tafuta mahali pa kusimama, usikanyage breki kwa nguvu."

Hiral alisema. Alilisahau neno moja, akalirudia. Ba alingoja. Krish alikuwa ameuma kidole chake.

"Papa anasema alikagua nati asubuhi. Ziko sawa. Anasema mtaongea mkifika."

Krish alinyoosha mkono achukue simu. Munyiva alimshika bega, akatikisa kichwa. Ba aliendelea kwa sauti ile ile.

"Kasuku wangu, sikiliza vizuri. Mwambie nati alizoziona ni za nje. Kuna nyingine ndani. Za Krish zimefunguka."

"Papa, kuna nyingine ndani. Za Krish zimefunguka."

"Sasa mwulize kama anasikia tak, tak, tak."

"Papa, unasikia tak, tak, tak?"

Ba alisikia injini. Alisikia tairi zikivuma. Kisha alisikia sauti ya Gaurav, na haikuwa sauti ya mtu anayebisha tena.

"Tangu tupite Rironi," Gaurav alisema.

"Papa anasema tangu Rironi," Hiral alisema. "Ba, sasa tunaenda polepole sana. Kama kobe. Kuna lori nyuma linatupigia honi."

"Usijali honi. Endelea kuniambia."

"Limeacha. Limekaa nyuma yetu na taa zake zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Halitupiti."

Ba alielewa. Dereva wa lori lile, mtu asiyewajua, alikuwa amegeuza lori lake kuwa ukuta nyuma ya watoto wake. Alimwombea pale pale, ingawa hakuwa na jina la kuomba nalo.

"Kuna kona, Ba. Papa anageuza kidogo kidogo. Anaongea peke yake."

"Mwache aongee."

"Naona mahali pa watu wanaouza kofia za ngozi ya kondoo. Kuna changarawe. Tunaingia." Changarawe ililia chini ya tairi. "Tumesimama. Mama ameamka. Ba, mchezo umeisha?"

"Umeisha, mpenzi. Umeshinda."

Ba alikaa kwenye koti la Munyiva. Munyiva aliokota chapati zilizoanguka, akapangusa vumbi kwenye kitambaa zilimofungwa, akaziweka tena mapajani mwa Ba.

*

Walikwenda kwa pikapu ya Munyiva, watatu kiti cha mbele. Gaurav alikuwa amekaa juu ya jiwe. Gurleen alikuwa amemkumbatia Hiral, ambaye tayari alikuwa na kofia ya kondoo kichwani. Muuzaji alimpa ajikinge na upepo.

"Nimekagua tena," Gaurav alisema. "Za nje zimekaza zote."

"Zitakuwa zimekaza," Munyiva alisema, akaweka jeki.

Gurudumu la mbele kushoto lilipotoka, kitu kilianguka kwenye changarawe. Kisha kingine. Zilikuwa nati mbili za ndani. Zilikuwa zimefunguka zenyewe, zikawa zinagongagonga ndani ya rimu, yaani chuma cha gurudumu. Boliti moja ilikuwa imekatika. Nati tatu zilizobaki zilizunguka kwa vidole.

Mbele yao barabara ilipinda na kupotea chini.

Gaurav alizitazama zile nati kwenye kiganja cha Munyiva. Akaenda pembeni, akawapa mgongo. Gurleen alimfuata akamshika mkono.

Hiral ndiye aliyeinama kwenye habu. "Ba, huu uzi wako umekuwa mweusi."

"Nimeuona," Ba alisema.

*

Gari la Gaurav lilibebwa juu ya lori mpaka Kinoo. Saa nane mchana wote walikuwa uani kwa Munyiva, wakila chakula walichokuwa wamekibeba kwenda Naivasha. Munyiva alikula chapati tano na achari ya embe, akasema wageni wa namna hii waharibikiwe kila wiki.

Ba hakula. Alikuwa ameshika kipande cha uzi.

"Binti, usinifiche," alisema. "Ni mimi niliyefanya haya?"

Munyiva alifuta mikono kabla ya kujibu.

"Peke yako, hapana. Lakini uzi ulichangia."

Ba aliitikia kwa kichwa. Alimshukuru moyoni kwa kutomdanganya.

"Tazama." Munyiva alichukua mabamba mawili ya chuma, akayabana kwa boliti moja. "Chuma kwa chuma, hakuna nafasi. Hii haiendi popote. Sasa weka kitu katikati. Uzi, kutu, rangi, mchanga, ni sawa tu. Unakaza leo, unaona imebana. Gari likitembea, kile kitu kinapondeka, kinakuwa chembamba. Nafasi inabaki. Nati haibani tena."

"Kama mavumbi ya uzi chini ya sindano ya cherehani," Ba alisema. "Nguo inakaa vibaya, kisha sindano inavunjika."

"Umenifundisha wewe sasa. Habu ilitakiwa kusuguliwa mpaka chuma king'ae. Fundi hakusugua. Tena alikaza kwa mashine peke yake. Mashine haikuambii umefika wapi. Nyingine inalegea, nyingine inavutwa mpaka inachoka na kukatika." Aliinua spesa ya Gaurav. "Na hii yenyewe ni duni. Pitisha kidole hapa katikati. Spesa nzuri ina mdomo, inakaa juu ya habu kama kifuniko cha sufuria. Habu inabeba uzito. Hii haina mdomo. Boliti ndizo zilibeba kila kitu."

"Basi spesa zote ni hatari?" Gurleen aliuliza.

"Siwezi kusema zote. Nimeona gari likikaa nazo miaka na halina shida. Nimeona pia gurudumu likimpita mwenye gari barabarani, anashangaa ni la nani." Krish alicheka, kisha akakumbuka, akaacha. "Nzuri imetengenezwa kwa gari lako hasa, ina mdomo, ina nati zake yenyewe, na si nene sana. Inakazwa kwa spana ya kupima, nati moja upande huu, inayofuata upande wa pili. Ukitembea kama kilomita mia moja, unarudi. Unatoa magurudumu yote manne na kukaza zile za ndani. Halafu tena kila gari likienda kufanyiwa sevisi. Mtu asiyetaka kurudi, asifunge."

"Lakini gari likiinuliwa linayumba," Krish alisema. "Si spesa inalifanya lisimame vizuri?"

"Kamata ile ndoo."

Ndoo ilikuwa imejaa maji. Krish aliikamata karibu na kifua. "Ni nyepesi."

"Sasa nyoosha mkono."

Krish alinyoosha. Mkono ulianza kutetemeka. Maji yalimwagikia viatu.

"Hiyo ndiyo beringi yako ndani ya habu," Munyiva alisema. "Ndiyo boliti yako. Tairi pana ni nzito. Gurudumu ukilipeleka nje, unalibebesha gari ndoo kwa mkono ulionyooka. Linasimama pana kidogo, ndiyo. Lakini urefu uko pale pale. Kwenye kona bado ni lazima upunguze mwendo. Na watu wa bima yako wanajua umeliinua?"

"Hawajui," Krish alisema.

"Waambieni," Munyiva alisema.

"Wewe ungefanya nini?" Gaurav aliuliza.

"Ningepunguza urefu kidogo. Na ningetafuta rimu zilizotengenezwa tangu mwanzo zikae nje kiasi kinachofaa. Hapo kuna nati za aina moja tu, na zote unaziona."

"Nataka hizo," Gaurav alisema. "Nataka nati ninazoziona."

Jioni Ba alimpigia simu yule fundi mpole. Hakumgombeza. Alimweleza yote, na fundi akasikiliza mpaka mwisho.

"Niliuona uzi, Mama," alisema. "Niliogopa kukuudhi."

"Siku nyingine niudhi," Ba alimjibu.

Siku mbili baadaye fundi alikuja mwenyewe Kinoo kumwona Munyiva. Kisha alianza kuwapigia simu watu wote aliowafungia spesa. Mmoja wao alikuta nati tatu zimelegea.

*

Ilichukua wiki tano kupata rimu zinazofaa. Boliti zilizochoka zilibadilishwa. Springi zilishushwa. Ngamia walipungua urefu, lakini kigoda cha buluu bado kilihitajika. Tairi hazikukwaruza tena.

Munyiva aliposugua habu, aliwaita wote waone chuma kinavyong'aa. Alikaza nati, kisha akachora mstari mweupe kwa rangi, kutoka kwenye kila nati mpaka kwenye rimu. "Mstari ukikatika, nati imesogea," alimwambia Ba. "Hii kazi ni yako. Inataka macho na subira tu."

Kila asubuhi kabla ya magari kutoka, Ba alizunguka uani na kikombe chake cha chai, akitazama mistari.

Hatimaye walikwenda Naivasha. Walikula kando ya ziwa, Hiral akaangalia viboko, Gurleen akalala kwenye nyasi mchana mzima na hakuna aliyemwamsha. Wakati wa kurudi, kilomita zilikuwa zimepita mia moja. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Magari yote mawili yaliingia Kinoo kwa Munyiva.

Munyiva alitoa spana ya kupima. Ni spana ndefu. Unaipangia nguvu inayotakiwa, na nguvu ikifika, yenyewe inalia mara moja.

"Ngoja," Ba alisema.

Alifungua mkoba, akatoa uzi mwekundu mpya. Hakwenda kwenye gurudumu. Alikwenda kwa Munyiva, akamwonyesha mpini wa spana.

"Hapa ni sawa? Sema kweli."

Munyiva aliupima mpini kwa mkono wake, akatazama mahali vidole vinaposhika na mahali visiposhika.

"Hapo mwishoni," alisema. "Hapo ni sawa kabisa."

Ba alifunga, mara tatu. Munyiva akaweka spana kwenye nati ya kwanza, akavuta.

Tak.

Ba alishtuka. Halafu akafumba macho, kama zamani dukani, na kusikiliza. Tak, ikasema nati ya pili. Hiral alikuwa amechutama pembeni, kofia ya kondoo kichwani, akirudia kila moja kama kasuku. Kulikuwa na nati ishirini na nne kwa kila gari. Nati mbili zilisogea kidogo kabla ya spana kulia, na Munyiva akazichorea mstari mpya. Ba hakufumbua macho mpaka aliposikia ya mwisho.